C-Class, 3 Series, A4 au Lexus IS? Uliza injini kabla ya nembo

Shemeji yangu ana mabinti wawili, kazi Posta, nyumba Goba, hapa Dar es Salaam, na fedha ambazo mwaka juzi zingemtosha kununua kiwanja cha pili. Toyota Premio yake imemchosha. Wiki iliyopita alinitumia picha nne za magari, yote meupe, yote yamepigwa picha Japani yakiwa yameoshwa mpaka tairi, na chini yake swali moja tu: "Shem, lipi kati ya haya halitanidhalilisha barabarani?"

Magari yenyewe ni Mercedes-Benz C-Class, BMW 3 Series, Audi A4 na Lexus IS. Nilimwahidi jibu refu, na ndilo hili.

Swali lake lina kasoro moja. Linachukulia kwamba kuna gari moja linaloitwa C-Class. Halipo. Kuna C-Class yenye injini fulani ya mwaka fulani, na pembeni yake ipo nyingine yenye nyota ileile na rangi ileile, imepishana nayo miaka miwili tu, na kwa fundi hayo ni magari mawili yasiyojuana. Mtu akikuambia "BMW zinakufa ovyo", muulize ipi. Akikosa jibu, jua anakusimulia habari za kijiweni.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha tujue majina ya vizazi, maana ndiyo mafundi wanayotumia. C-Class ya 2007 hadi 2014 inaitwa W204, iliyofuata hadi 2021 ni W205. Kwa BMW, E90 ilianza 2005, F30 ikaingia sokoni 2012, G20 ikaipokea 2019. Audi A4 ya B8 ni ya 2008 hadi 2015, kisha ikaja B9. Lexus IS ya 2005 hadi 2013 ni XE20, na ya 2013 kuendelea ni XE30.

Lexus ndiye anayeonekana mgeni hapo, lakini kwetu si mgeni hata kidogo. IS ya kwanza iliuzwa Japani kuanzia 1998 kwa jina la Toyota Altezza. Hao hao Altezza waliotufokea masikioni kwa mabomba ya moshi yaliyotobolewa, wakiwa wamekaa chini mpaka wanapanda tuta kwa upande. Mdogo wao amekua, amevaa suti, anaitwa IS. Wajerumani nao si wageni kwa Afrika: BMW iliunganisha 3 Series Rosslyn, karibu na Pretoria, mpaka 2018, na Mercedes inaunda C-Class East London, Afrika Kusini. Yaliyoko mitaani kwetu hata hivyo mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na machache Uingereza.

Cheni

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapozama.

Injini nyingi za magari haya zinatumia cheni ya taiming badala ya mkanda. Cheni inafunga krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua vali, zizunguke kwa pamoja. Ikilegea kupita kiasi inaruka meno, vali zinakutana na pistoni, na hapo hakuna tena cha kutengeneza, kuna injini ya kutafuta. Watengenezaji walituambia cheni ni ya maisha. Hawakusema maisha ya nani.

BMW F30 za mwanzo, yaani 320i na 328i za kuanzia 2012, zina injini inayoitwa N20. Ni injini tamu kuendesha, lita 2, ina tabo, na 320i inatoa nguvu ya farasi 184. Kasoro yake inajulikana dunia nzima: vipande vya plastiki vinavyoiongoza cheni vinakauka, vinavunjika, vinadondoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na vikifika kwenye mdomo wa pampu ya oili vinaweza kuiziba. Dalili ya mapema ni mlio mwembamba wa kuvuma, kama filimbi ya mbali, unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. BMW ilibadilisha vifaa hivyo, na tatizo hilo linahusishwa na injini za kabla ya 2015. Kisha F30 ilipofanyiwa marekebisho katikati ya 2015 ikaanza kupata injini mpya, B48. Ni lita 2 vilevile na 320i yake ni farasi 184 vilevile, lakini ukikaa na mafundi wanaozifungua utasikia wanavyozitaja kwa sauti tofauti. B48 si malaika. Inavuja oili kwenye nyumba ya filta, na vifaa vya plastiki vya njia ya maji huchoka. Hayo lakini ni matengenezo ya wikiendi moja.

Kwa hiyo picha mbili za 320i nyeupe, moja ya 2013 na moja ya 2016, zinafanana kama pacha. Mimi moja nisingeichukua hata kwa bei ya kutupa, nyingine ningelala na ufunguo wake chini ya mto.

Kwa dizeli habari ni ileile ila kali zaidi. 320d ilipendwa sana Japani, kwa hiyo zinakuja nyingi. Za mwanzo zina N47, ambayo cheni yake imewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Kuigusa tu ni kushusha injini. Iliyofuata, B47, nayo ina cheni nyuma, na hata B48 ya petroli ni hivyo, lakini hizo hazina sifa mbaya ya N47.

Mercedes W204 za petroli, C180 na C200, nyingi zina M271. Cheni yake hunyooka, na gia za kemshafti hulika meno. Ukiwasha asubuhi unasikia kelele kama mtu anatikisa sarafu ndani ya kopo kwa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Wauzaji wanaijua kelele hiyo vizuri, ndiyo maana ukifika yadi unakuta gari "limeshapashwa moto kidogo". W204 ina kero nyingine isiyohusu injini: kufuli la usukani la umeme likifa, ufunguo unazunguka lakini gari halikutambui, na unabaki umekaa kwenye kiti cha ngozi ukisubiri gari la kuvuta.

W205 ilikuja na M274, lita 1.6 kwenye C180 na lita 2 kwenye C200. Ni nafuu zaidi kwa upande wa cheni, ingawa nazo zipo zinazogonga zikiwashwa baridi. Ugonjwa wake unaojulikana ni oili kupenya kwenye sumaku za kemshafti na kusafiri taratibu ndani ya waya. Fundi anayeijua anachomoa soketi, anaipangusa kwa kitambaa cheupe, anakuonyesha. Baada ya marekebisho ya 2018, C200 ikawa na injini ya lita 1.5 yenye msaada wa umeme wa volti 48. Inaondoka laini na inabana mafuta, ila ni teknolojia ambayo mafundi wachache wa kwetu wameishika mkononi.

Audi A4 ya B8 yenye injini ya petroli ya 1.8 au 2.0 TFSI inakunywa oili. Simaanishi kuvuja, namaanisha kunywa: ringi za pistoni zilisanifiwa nyembamba, oili inapanda, inaungua. Marekani suala la 2.0 za 2009 hadi 2011 lilifika mahakamani na kampuni ikafikia makubaliano na wamiliki. Ongeza hapo kikaza cheni kinachoachia bila taarifa. B9 ina kizazi kipya cha injini hizo na imetulia sana, ila nyumba ya pampu ya maji na thermostati, ya plastiki, hupenda kuvuja.

Lexus sasa. IS250 ina injini ya V6 ya lita 2.5, 4GR-FSE. Ukiona herufi hizo utabasamu, kwa sababu ndizo zilizo kwenye Mark X na kwenye Crown nyingi zinazozunguka Dar. Maana yake fundi wa mtaani ameshaifungua mara nyingi, na spea zake zipo Gerezani na Ilala bila kuagiza. Ubaya wake ni kwamba inapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda, vali hazioshwi, na masizi hujijenga mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Linasafishwa, linaendelea. IS300h ni haibridi: injini ya lita 2.5 yenye silinda 4, 2AR-FSE, pamoja na mota za umeme, na mfumo huo huo upo kwenye Crown Hybrid ya kuanzia mwisho wa 2012. Haina stata ya kawaida wala oltaneta, kwa hiyo kuna vitu viwili ambavyo haviwezi kukufia kwa sababu havipo. Na injini yake inapuliza petroli kwa njia zote mbili, hivyo masizi si hadithi kubwa.

Giaboksi

Hapa BMW anawaacha wenzake. F30 inatumia giaboksi ya ZF ya gia 8, na kwa maoni yangu ndiyo bora kati ya zote nne: nyepesi, haina kusitasita, inavumilia. Utaambiwa oili yake haibadilishwi. ZF wenyewe walioitengeneza wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Msikilize aliyeitengeneza.

Mercedes anatumia giaboksi yake, gia 7 na baadaye 9. Ni laini, imekaa kizee kidogo, na sehemu yake ya umeme ndani, inayoitwa kondakta pleti, ndiyo inayokufa kwenye zile za gia 7. Lexus haibridi haina gia kwa maana tuliyoizoea: ni meno ya sayari na mota mbili, hakuna mkanda wa kukatika wala klachi ya kuungua. Unaposikia injini inalia juu huku gari linaongeza mwendo polepole, usidhani imeharibika, ndivyo ilivyo. Wapenda kuendesha wanaichukia sauti hiyo na nawaelewa.

Audi A4 ya B8 inayoendeshwa na tairi za mbele ina Multitronic, yaani CVT ya cheni, giaboksi isiyo na gia za kuhesabu. Kaa mbali nayo. Za quattro, zinazosukumwa na tairi zote nne, nyingi zina S tronic, giaboksi ya klachi mbili, nzuri ikiwa oili imebadilishwa kila kilomita 60,000, na hakuna gari la mtumba utakalolikuta na ushahidi kwamba imebadilishwa. B9 ya S tronic ni bora zaidi, ingawa kwenye foleni ya kusogea nusu mita, kusimama, kusogea nusu mita, klachi mbili haikuwa imeandaliwa kwa ajili ya Mwenge saa 12 jioni.

Matuta, mashimo, na tairi zisizo na spea

Magari yote manne yako chini. Yenye mavazi ya michezo, M Sport kwa BMW na AMG Line kwa Mercedes, yako chini zaidi, na ndiyo yanayopendwa kwenye picha. Kama nyumba yako iko nje ya lami, na Goba kona si chache za namna hiyo, tafuta la kawaida. Utapoteza sifa kidogo kwenye harusi, utaokoa bampa.

Nikiyapanga kwa kulalia barabara mbovu, C-Class ya W205 ndiyo inayokubembeleza zaidi. Kuna zenye Airmatic, mifuko ya hewa badala ya springi, na W205 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuleta kitu hicho kwenye daraja hili. Kwenye barabara ya Dodoma ni kama kulala. Mfuko ukitoboka, gari linakaa kama ng'ombe. Zenye springi za chuma zinakutosha. A4 inafuata kwa utulivu, lakini mbele ina mikono mingi ya sapoti kila upande, na kila mkono una bushi yake. Fundi akianza kuzihesabu unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Lexus ni gumu kidogo, ila bushi zake hukaa. BMW linakuambia kila kokoto, na hilo ni sifa au kero kulingana na nani amekaa nyuma.

BMW hizi zilitoka kiwandani na tairi za ranifleti, zile zinazoweza kutembea bila upepo, na hazina tairi ya akiba. W205 nyingi kutoka Japani ni hivyo hivyo. Ranifleti ikitoboka unaruhusiwa kwenda karibu kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kwenye matuta yetu ni ngumu kama mbao, na ikipasuka ubavu kwenye shimo, hizo kilomita 80 zinafutika. Wengi wanafunga tairi za kawaida na kubeba pampu ndogo. Nami ningefanya hivyo, isipokuwa nikiwa mtu wa kwenda Iringa mara kwa mara: barabara inapita karibu kilomita 50 ndani ya hifadhi ya Mikumi, na usiku ule sitaki kuwa mtu wa kushuka kufungua nati.

Ndani

Buti zisikusumbue. W205, F30 na A4 B9 zote zimeandikwa lita 480, kana kwamba walikaa kikao. IS300h inapungua kidogo kwa sababu betri iko chini ya sakafu ya buti.

Siti ya nyuma ndiyo yenye ubishi. A4 na F30 zina nafasi ya kumtosha mtu mzima wa kawaida. C-Class nayo inatosha ingawa unakaa umezama. Lexus IS ni ya watu wawili mbele na watoto nyuma. Mtu mrefu atasafiri magoti yakimgusa mwenye usukani mgongoni. Kwa umaliziaji, A4 B9 ndiyo iliyofungwa kwa mkono wa fundi cherehani, hakuna kinachokwaruza. W205 inapendeza zaidi kwa macho, hasa usiku taa za ndani zikiwaka, lakini zingine huanza kulia plastiki ya katikati. F30 ni ofisi. Lexus inachosha macho kwa vitufe, na hakuna hata kimoja kitakachokatika.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni lugha. Gari la Japani linazungumza Kijapani. Redio yake inakamata FM ya 76 hadi 95, kwa hiyo stesheni zetu nyingi huzipati bila kufunga kifaa cha kuhamisha mawimbi. Kwa BMW na Mercedes, fundi wa kompyuta anaweza mara nyingi kubadili skrini iwe ya Kiingereza. Lexus ya soko la Japani ni ngumu zaidi, wengi wanaishia kukariri vitufe. Binafsi najua mzee mmoja anayejua kusoma "mafuta yamepungua" kwa Kijapani na hajui neno jingine lolote la lugha hiyo.

Kodi inapochagua kwa niaba yako

Kwa aliye Tanzania, ukubwa wa injini unahesabika: ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 mpaka 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Wajerumani wote wa lita 2 wako upande wa nafuu, Lexus zote mbili za lita 2.5 upande wa ghali. Halafu kuna uchakavu: gari likifika miaka 8 ushuru wa umri unaanza, na likipita miaka 10 unapanda. Ndiyo maana W204 inayoonekana ya bure kwenye mnada haiwi ya bure ukifika bandarini. Piga hesabu kwa kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kumpa mtu hata shilingi.

Kwa aliye Kenya, sheria imeshamchagulia kizazi. Gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii. Mwaka 2025 hiyo ilimaanisha la 2018 kuja mbele. N20, M271 na B8 zote zimefungiwa nje, isipokuwa ununue lililokwisha kuwa na namba za Kenya. Kwa viwango vya mwaka huo, ushuru wa forodha ni asilimia 35, na ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na asilimia 25 kwa iliyozidi, kisha VAT ya 16 juu ya mrundikano huo. Hapo C200 ya lita 1.5, A4 ya 1.4 TFSI na 318i ya silinda 3 yenye lita 1.5 zinapata mlango ambao C180 ya lita 1.6 haiupati. Injini ndogo inalipa ushuru mdogo, na C200 ndiyo yenye nguvu kuliko C180. Ajabu, lakini ndivyo namba zinavyotoka.

Dizeli, kwa kifupi

Kama safari zako ni Dar–Mbeya, chukua dizeli, C220d au 320d ya kuanzia 2016. Kama ni Goba–Posta, usichukue. Chujio la moshi linahitaji mwendo mrefu wa moto ili lijisafishe, na kwenye foleni halipati. Wapo watakaokuambia walitoboe. Moshi huo wanavuta watoto walio kwenye bajaji nyuma yako.

Fundi na spea

Kabla ya kutafuta gari tafuta fundi, na kabla ya fundi uliza ana mashine gani ya kupimia. Gari la namna hii likiwasha taa ya injini, fundi asiye na mashine inayolisoma atabadilisha vifaa mpaka mmoja wenu achoke, na mara nyingi anayechoka ni mfuko wako. Mimi nilishawahi kubadilishiwa sensa tatu kwenye gereji ambayo sitaitaja, kwenye sedani ambayo pia sitaitaja. Mwisho wake ilikuwa waya umeliwa na panya.

Hata betri tu: BMW inataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, vinginevyo itaichaji kama ile ya zamani na kuiua mapema. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye mashine.

Kwa spea, Mercedes ndiye mwenye mtandao mpana kati ya Wajerumani. BMW anafuata na anazidi kukua. Kwa wote wawili, kilichokosekana Dar huagizwa Sharjah, ambako magari yaliyokatwa yamejaa. Angalia tu taa na usukani, maana ya kule yameelekezwa upande mwingine wa barabara. Audi ni mpweke. Spea zake zipo, lakini utasubiri, na mafundi wanaoipenda ni wachache kiasi kwamba wanajuana. Lexus, kama nilivyosema, anavaa viatu vya Crown. Mwiko wake mmoja ni betri ya haibridi: feni yake inavuta hewa kutoka eneo la siti ya nyuma, na ukiiziba kwa mabegi na nywele za mbwa, unaipika mwenyewe.

Kubadilisha oili usiisikilize kompyuta. Mipango ya Ulaya ilifika hadi kilomita 30,000 au miaka 2 kwa BMW. Kwa vumbi na foleni yetu mimi ninabadilisha kila 7,000, na oili yenye namba za idhini za mtengenezaji, siyo ya dumu la njano. Na siku unayolichukua gari, andikisha namba kwenye vioo na taa zote. Taa moja ya LED ya W205 ikiondoka na kibaka, utatamani angechukua gari zima, maana lingekuwa na bima kubwa.

Mimi ningefanyaje

Anayekaa kwenye foleni saa tatu kwa siku, akiwa peke yake au na mwenza, achukue IS300h na asahau habari. Kwenye mwendo wa konokono injini inazima, gari linasogea kwa umeme kimya, na petroli unaitazama kwenye geji bila kuhema. Hilo ndilo gari lisilodhalilisha, ingawa pia ndilo lisilosisimua.

Anayependa usukani, mwenye fundi anayemwamini, achukue 320i ya B48. Siyo ya "2015" kwa maneno ya dalali, ila iliyothibitishwa kwa namba ya chesisi kwamba injini ni B48. Anayetaka heshima ya nyota na usingizi wa Dodoma, W205 ya C180 au C200 iliyo na karatasi ya mnada ya gredi 4 au 4.5, na asome ile ramani ndogo ya gari pembeni: herufi R kwenye gredi maana yake liligongwa likarekebishwa. Audi A4 B9 ni gari zuri sana ambalo ningelipanda kwa furaha likiwa la mtu mwingine.

Nilimsomea shemeji haya yote kwenye simu. Akaniambia basi imekwisha, IS300h. Kisha nikasikia dada yangu nyuma yake akiuliza, "Mwambie mabinti wana miaka 7 na 10. Na wewe gari lako la mwisho ulikaa nalo miaka mingapi?" Kimya. Premio wamekaa nayo miaka 8. Miaka 8 mingine, mabinti hawatakuwa tena watoto wa siti ya nyuma ya IS.

Kwa hiyo Jumamosi saa 1 asubuhi tunakwenda Kinondoni kuiona 320i ya 2016. Nimeshampigia dalali mara mbili kumwambia kitu kimoja: asiiwashe kabla hatujafika.